Herufi 840 daftarini, 60 kichwani

Ami, assalam aleikum na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu). Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni kule Shela, na kwa miaka mitatu sasa najifunza Kikorea peke yangu. Sina mwalimu, sina darasa. Nilianza na tamthilia kama wengi, nikaijua Hangul, alfabeti ya Wakorea, kwa wiki moja, nikapakua kamusi kwenye simu, nikaendelea. Leo naweza kusoma habari fupi na kufuata mazungumzo, ingawa sarufi bado hunipiga chenga.

Taabu imeanza maneno yalipozidi. Kila jipya linafanana na la zamani. Chukua hii su (수). 수영 ni kuogelea, 수건 ni taulo, 수학 ni hesabu, 교수 ni profesa, 수출 ni kuuza bidhaa nchi za nje. Nikijiuliza hiyo su yenyewe maana yake nini, kila neno linanipa jibu lake.

Miezi michache iliyopita tulipokea wageni wawili kutoka Seoul, mama wa miaka sitini hivi na mwanawe wa kiume wa rika langu. Asubuhi moja yule mama alishuka ngazi na taulo begani, akaniambia maneno ya haraka haraka ambayo ndani yake nilidaka moja tu: sudo (수도). Sudo mimi nililijua ni mji mkuu. Nikamjibu kwa bashasha, "Nairobi!" Akanitazama. Nikarudia, "Nairobi." Akanishika mkono akanipandisha bafuni. Bomba halikuwa likitoa maji. Kumbe kuna sudo nyingine ambayo ndiyo maji ya bomba, na zote mbili zinaandikwa vilevile. Kijana wake alicheka hadi akakaa chini.

Usiku ule nikasoma kwamba maneno haya hutofautishwa kwa herufi za Kichina, ambazo Wakorea huziita Hanja (한자). Nikapakua orodha ya herufi 1,800 zinazofundishwa katika shule za sekondari za Korea Kusini, nikanunua daftari la miraba, nikajiwekea herufi 20 kwa siku, kila moja niiandike mara 30. Nimekwenda siku 42 bila kukosa hata moja. Hizo ni herufi 840. Juzi nikajipima kwa kufunika maana kwa karatasi. Nilizozikumbuka hazikufika 60. Kidole changu cha kati kimeota sugu, na mama analalamika taa yangu haizimwi. Anasema naona umeacha Kikorea, sasa waandika hirizi.

Kabla wageni wale hawajaondoka niliwapa kadi ya kuwaaga, nikatia humo herufi kadhaa nilizojivunia. Mama alizisoma zote kwa sauti, akaipiga picha. Mwanawe aliitazama, akacheka kwa haya, akasema yeye hizi hazijui, labda zile za jina lake. Hapo ndipo nilipovunjika moyo. Ikiwa Mkorea mwenyewe hazijui, mimi wa Amu nazitafutia nini?

Wenzangu ninaojifunza nao kwenye simu wamegawanyika. Kuna wanaosema napoteza wakati, na kuna wanaosema bila Hanja sitavuka nilipo. Kaka yangu naye ana lake: kama ni herufi za Kichina, basi nisome Kichina chenyewe, kwani waliojenga bandari yetu ni Wachina, si Wakorea.

Nimesikia ulikuwa baharia kwenye meli za Kikorea. Niambie, ami: niendelee, niache, au nihamie Kichina?

Binti wa Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Hiyo "Nairobi" yako imenipaliza kahawa. Lakini usione haya, mimi nilifanya kubwa kuliko hilo. Mwaka wangu wa kwanza kwenye meli ya uvuvi, tukiwa tumefunga gati Busan, serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia sitahani, alitutangazia kwamba kesho yake sijang (시장) anakuja bandarini. Sijang nililijua: soko. Nikadhani ni wachuuzi watakaoleta bidhaa mpaka ubavuni mwa meli, kama nilivyoona bandari nyingine. Nikatoa akiba yangu yote, nikavaa shati safi, nikakaa ngazini kungoja soko. Lililokuja ni gari jeusi, na aliyeshuka ndani yake ni meya wa mji.

Usiku ule serahangi, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alinishika kiganja akaandika humo kwa kidole mara mbili. Mara ya kwanza 市場, mara ya pili 市長. Si (市) ni mji, kote kuwili. Ila jang ya soko, 場, ni uwanja, mahali; na jang ya meya, 長, ni mkubwa wa watu. Kisha akamwonyesha nahodha kwa kidevu: seonjang (선장), mkubwa wa chombo. Akajigusa kifua: gappanjang (갑판장), mkubwa wa sitaha. Akaendelea: mkuu wa shule, gyojang (교장). Mkuu wa kampuni, sajang (사장). Mwenyekiti, hoejang (회장). Na upande wa pili, kiwanda, gongjang (공장), mahali pa kazi. Maegesho ya magari, juchajang (주차장). Karibu maneno yote hayo nilikuwa nayo tayari. Nilichokipata usiku ule ni kuona kwamba yale ya kwanza ni watoto wa baba mmoja, na yale ya pili ni watoto wa baba mwingine anayeitwa jina lilelile.

Hapo ndipo lilipo jibu langu, na nalisema mapema usije ukachokea njiani: Hanja usiiache, daftari la miraba liache. Kichina ni shauri jingine, tutalifikia.

Kwanza nikutoe dukuduku la yule kijana. Mfalme Sejong aliikamilisha Hangul mwaka 1443 na kuitangaza 1446. Kabla yake, Mkorea aliyetaka kuandika aliandika kwa herufi za Wachina, na hata baada yake wasomi walizing'ang'ania kwa karne nyingi. Korea Kaskazini waliziacha mwishoni mwa miaka ya 1940. Kusini ilitoka sheria mwaka 1948 kuwa nyaraka za serikali ziandikwe kwa Hangul, lakini magazeti yaliendelea kuchanganya kwa miongo mingi; Hankyoreh, lililoanza mwaka 1988, ndilo lililojitokeza likiwa Hangul tupu. Mama yule amekua na magazeti ya mchanganyiko, kijana hakukua nayo. Leo utaziona chache tu kwenye vichwa vya habari, 美 kwa Marekani, 中 kwa China, 北 kwa Kaskazini, na kwenye makaburi, mahekalu na majina ya watu.

Jambo hili sisi watu wa Amu hatuhitaji kuelezwa na mtu wa nje. Mababu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za majahazi, tenzi. Mwombe bibi yako afungue sanduku lake, huenda akakutolea karatasi ambayo wewe utaisoma kwa kukwamakwama. Wewe umesoma shule kwa herufi za Kizungu, na hupungukiwi kitu ukiagiza samaki. Sasa nikuulize: kwa kuwa umeacha kuandika hivyo, je, kitabu, katibu, maktaba na mkataba vimeacha kuwa ndugu? Havikuacha. Ukisikia neno "mkutubi" kwa mara ya kwanza maishani, sikio lako linajua ni jambo la vitabu kabla hujafungua kamusi. Hakimu, hukumu, mahakama, hekima: hukufundishwa huo ukoo ubaoni, umeusikia tu mpaka ukakuingia.

Hiyo ndiyo Hanja ya Mkorea wa leo. Yule kijana aliyeshindwa kuisoma kadi anayo masikioni. Hajui kuandika 學, lakini akisikia hak mahali pake anajua ni mambo ya kusoma: hakgyo (학교) shule, haksaeng (학생) mwanafunzi, daehak (대학) chuo kikuu, gwahak (과학) sayansi, iphak (입학) kujiunga na shule, banghak (방학) likizo ya shule. Ameyapata kwa kunyonya, kama wewe ulivyopata hakimu na mahakama. Wewe hukunyonya Kikorea, umekianza ukubwani. Kwa hiyo kile alichokipata yeye kwa sikio kwa miaka ishirini, wewe utakipata upesi zaidi kwa jicho. Hiyo ndiyo faida ya Hanja kwako, na kwa maoni yangu haina nyingine kubwa. Mtihani wa TOPIK, ule wa kuwapima wageni Kikorea, hauna swali hata moja la Hanja. Hakuna atakayekudai uandike. Lakini zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi ya Kikorea yamejengwa kwa matofali haya, na kadiri unavyopanda, kutoka maneno ya jikoni kwenda ya ofisini na ya gazetini, ndivyo yanavyozidi.

Ndiyo maana orodha yako imekuangusha. Imekupa matofali 840 bila nyumba. Ulipokuwa ukiandika herufi ya 500 huenda hukuwa na neno hata moja la Kikorea la kuitundika, kwa hiyo ikateleza. Mkono ulifanya kazi mara 30, akili ilikuwa imelala tangu mara ya nne. Kukumbuka 60 si haba. Bila shaka ni zile ambazo maneno yake ulikuwa unayajua.

Geuza njia. Anzia kwenye maneno, urudi kwenye herufi. Chukua daftari la kawaida, kila ukurasa uupe silabi moja, halafu ugawe ukurasa kwa koo. Ukurasa wa su utaanza hivi, na nimeyatumia maneno yako yaleyale: 수영 ni 水, maji. 수건 ni 手, mkono, kwa sababu ni kitambaa cha mkono. 수학 ni 數, idadi. 교수 ni 授, kukabidhi, maana profesa hukabidhi elimu. 수출 ni 輸, kusafirisha. Maneno matano, su tano tofauti. Si kwamba ulikuwa mjinga, ulikuwa unatafuta maana moja pasipo na maana moja.

Na sudo zako mbili: ya bomba ni 水道, njia ya maji, ya Nairobi ni 首都, mji ulio kichwa cha miji.

Utauliza, kwa nini zote zikawa su? Chuoni, ulikosoma Kurani, ulipigwa kiboko ili usichanganye ح na ه na خ. Lakini hukumu, hewa na habari, kila moja ilitoka kwao na herufi yake, na zilipofika kwetu na kuandikwa Kizungu zote zikavaa h moja. Ndivyo ilivyokuwa huko. Kichina kinatenganisha maji na mkono na idadi kwa irabu na kwa kupandisha na kushusha sauti. Kikorea kilipoazima, yote yakaishia su. Anayejua asili anaona tatu pale mwingine anapoona moja.

Tena usidhani Mkorea anapozungumza anaona herufi zikipita kichwani. Anajua kwa mazungumzo yalipo, kama sisi tunavyojua paa wa porini, paa la nyumba na kupaa samaki magamba. Aliyeshika taulo asubuhi na kutaja sudo hazungumzii Nairobi. Hilo, mwanangu, halikuhitaji Hanja.

Sasa jinsi ya kuzitaja, maana hapa wanaojifundisha wenyewe hupita bila kuona. Mkorea haiiti herufi kwa sauti yake peke yake. Huiita kwa maana na sauti pamoja: 水 ni mul su (물 수), yaani su ya maji, 手 ni son su (손 수), su ya mkono, 首 ni meori su (머리 수), su ya kichwa, 學 ni baeul hak (배울 학), hak ya kujifunza. Zitaje hivyo kwa sauti, usione haya hata mama akikusikia. Mul, son, meori ni Kikorea asilia, na kila ukitaja herufi unaunganisha neno la asili na la kuazima. Ni sawa na mtu wetu anayejua kwamba "andika" ya kwetu na "kitabu" ya kuja zinakutana juu ya karatasi moja.

Kuhusu maumbo, usiyachukulie kama michoro 1,800 isiyohusiana. Sehemu kubwa ya herufi hizi ina kipande kinachoashiria maana na kipande kinachobeba sauti. Nakupa mfano wa nyumbani. Herufi ya mlango ni 門, mun. Itazame vizuri kisha toka uende Mkomani ukatazame mlango wowote wa zamani wa nakshi: mbao mbili zinazokutana katikati penye mfaa. Sasa weka mdomo 口 mlangoni: 問, mun, kuuliza. Kwangu mimi huyo ni mtu anayepiga hodi. Toa mdomo uweke sikio 耳: 聞, mun, kusikia. Huyo ni jirani, sitamtaja jina. Hadithi za hodi na jirani ni zangu, usiende kuwaambia Wakorea, lakini mpango wake ni wa kweli: mlango umetoa sauti mun, kilichomo ndani kimetoa maana. Kutoka hapo unapata jilmun (질문), swali, na sinmun (신문), gazeti, ambalo kwa herufi zake ni "mapya yaliyosikika". Nikikutajia sinmun baada ya mwaka mmoja, hutasahau. Ukinitajia herufi ya 500 ya orodha yako, hata wewe hutaijua.

Kuna mitego miwili nikuonyeshe mapema, kwa sababu mimi iliniumiza.

Wa kwanza ni tamaa. Mtu akishaonja koo hizi huanza kuona ndugu kila mahali. Tikiti maji kwa Kikorea ni subak (수박). Mtu wa Hanja mwenye siku tatu atakuapia kwamba hiyo ni su ya maji. Siyo, subak ni neno la asili la Kikorea. Fikra, saenggak (생각), nayo inafanana kabisa na saeng ya haksaeng (生), na si yake. Usicheke, sisi wenyewe tulilichukua kitāb la Waarabu tukaona lina "ki" mbele, tukalipa wingi wa vitabu, kana kwamba lilizaliwa Pate. Dawa yake ni kamusi. Kamusi ya Naver uliyonayo kwenye simu huweka Hanja pembeni ya neno lenye asili hiyo. Pasipo na Hanja, funga mdomo.

Wa pili ni sauti zinazobadilika zikiwa mwanzoni mwa neno. Mwanamke ni yeoja (여자), lakini wanaume na wanawake pamoja ni namnyeo (남녀). Yeo na nyeo ni herufi moja, 女. Kesho ni naeil (내일), mustakabali ni mirae (미래). Nae na rae ni 來, kuja. Usishangae kuliko unavyoshangaa ulimi na ndimi. Kaskazini mwa Korea hawabadilishi, husema nyeoja na raeil, kwa hiyo ukisikia hivyo ujue msemaji ametoka wapi. Halafu kuna chache zenye sauti mbili tangu hapo, kama 金: ikiwa dhahabu ni geum, ikiwa jina la ukoo ni gim, hao kina Kim uliowazoea kwenye tamthilia.

Kuandika kwa mkono usikuache kabisa, maana umeshaota sugu na sugu haipotei bure. Wakorea wana mitihani ya Hanja kwa madaraja, na la chini kabisa, la 8, lina herufi 50 tu. Hizo ziandike mpaka mkono uzijue: tarakimu, siku za wiki (mwezi, moto, maji, mti, dhahabu, udongo, jua), pande nne za dunia, baba na mama, mlango, mlima, 學 yenyewe, na 長 ya meya wangu. Miongoni mwake utaikuta 寸, chon, kipimo kidogo, ambayo Wakorea huitumia kuhesabu undugu. Ami au mjomba ni samchon (삼촌), hatua tatu; binamu ni sachon (사촌), hatua nne. Nilipolielewa hilo nikawaza mashangazi zangu wa Matondoni wangependa sana kupewa namba, maana hugombana kila harusi nani yu karibu na nani. Zilizobaki zisome tu, usiziandike. Koo mbili kwa wiki zinatosha. Wiki yenye wageni wengi, moja.

Tuje kwa kaka yako. Hakukosea kwamba China ndiyo iliyojenga gati za bandari yetu, na kwamba gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Anayetaka Kichina kwa ajili ya kazi na akisome, ni shauri jema. Ila asikwambie kwamba Hanja itakufikisha huko. Wakorea wanaandika maumbo ya zamani, China bara wamerahisisha tangu 1956: 學 yako ni 学 kwao, 門 yako ni 门. Sauti ni nyingine. Hak wao husema xué, guk ya nchi wao husema guó. Kuna mapatano ndani yake, kama sisi tunavyosema mtele na mato pale wa bara wanaposema mchele na macho, ukishazoea unabashiri. Lakini kubashiri si kusema. Na maana nazo hukengeuka: 汽車 kwa Mkorea, gicha (기차), ni treni, herufi hizohizo kwa Mchina ni gari. Amu hatuna treni, na magari yetu hayazidi vidole, lakini mahali pengine kosa hilo lingekupandisha kisicho chako. Miaka mitatu ya Kikorea usiitupe kwa sababu kaka ameona kreni.

Kama unataka herufi za Kichina za kwetu kweli kweli, zipo. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata Manda, hapo ng'ambo unapopandia ndege, sarafu yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle wa China, mwanzoni mwa karne ya 15. Sarafu hizo zina herufi nne kuzunguka tundu: 永樂通寶. Ni wakati uleule Sejong alipokuwa akikalia kiti chake, 1418. Jaribu kuisoma kwa Kikorea. Yeong, 永, ni milele. Unayo katika yeongwon (영원). Ya pili, 樂, ni furaha, nayo ni ya zile zenye sauti zaidi ya moja: hapa ni rak, kama katika orak (오락), burudani, lakini katika eumak (음악), muziki, ni ak. Tong, 通, ni kupita na kufika ng'ambo: gyotong (교통) ni usafiri, tonghwa (통화) ni mazungumzo ya simu, tongyeok (통역) ni ukalimani, kazi ambayo naona nyumba yako ya wageni imeshaanza kukupa bila kuongeza mshahara. Bo, 寶, ni hazina: bomul (보물), boseok (보석), kito. Herufi nne, na maneno saba au manane ambayo nakisia nusu yake unayajua tayari. Fungua nazo ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Lile la miraba kurasa zake zilizobaki mpe mdogo wako afanyie hesabu. Taa izime saa nne, mama ana haki yake.

Na hukutwambia: lile bomba lilitengenezwa?